Jinsi ya Kuanza Mazoezi Kila Jumatatu

Wengi wanaotaka kuanza mazoezi huuliza swali lisilowafaa: nifanye nini niweze kukimbia kilomita tano? Hilo ni swali la mtu anayetaka kuchoka. Mwenye akili anauliza hivi: nifanye nini ili mzuka nilio nao leo, nimekaa kwenye kochi na simu mkononi, usipungue hata chembe? Mwongozo huu ni wa huyo wa pili.

Hamasa ina ubaya mmoja: ikitumika inakwisha. Nenda Daraja la Tanzanite saa kumi na mbili kasoro asubuhi, mwandame mmoja kati ya wale wazee wa miguu mikavu wanaopita hapo kila siku na raba zilizolika soli, umuulize hamasa anaitoa wapi. Atakutazama kana kwamba umemuuliza hamasa ya kupiga mswaki anaitoa wapi. "Ah, mazoea tu, kijana," atasema, na hapo hapo atakuacha nyuma. Mzee huyo hamasa imemkauka kabisa. Aliimaliza miaka ile kwa kukimbia, na sasa anakimbia mikono mitupu. Nisingependa yakukute.

Kwa hiyo chagua siku ya kuanza kwa uangalifu. Siku nzuri kuliko zote ni Jumatatu ijayo, na uzuri wake ni kwamba haijafika. Zipo pia tarehe mosi Januari, baada ya Idi, baada ya harusi ya binamu, masika yakiisha, na ile inayopendwa na wazazi, "nikishamaliza ada za watoto". Jihadhari na Jumatano. Mtu anayeanza mazoezi Jumatano, katikati ya mwezi, bila kumwambia mtu, yuko hatarini kuendelea nayo kweli.

Utasikia pia kwamba tabia hujengwa kwa siku 21. Namba hiyo ishike vizuri, imetoka mbali. Mwaka 1960 daktari mmoja wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, aliandika kwenye kitabu chake Psycho-Cybernetics kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuizoea sura yao mpya kwenye kioo. Alikuwa anaongelea pua. Njiani neno "angalau" likadondoka, na pua nazo zikadondoka, tukabaki na siku 21 za kila kitu, kuanzia kuacha sigara hadi kukimbia. Faida yake utaiona asubuhi ya siku ya 22, utakapoamka ukute kitanda bado ni kitamu. Hapo una ushahidi kwamba mwili wako umeumbwa tofauti na wa wengine, na huna deni na mtu.

Asije mtu akakuletea utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010. Hao waliwafuatilia watu 96 wakijizoesha vitu vidogo vidogo, kunywa maji, kula tunda, kutembea kidogo, wakakuta wastani ni siku 66. Kuna aliyezoea kwa siku 18 na kuna ambaye makadirio yake yalifika siku 254. Wakakuta na jambo la hatari zaidi, kwamba kuruka siku moja hakuharibu chochote. Hilo lifiche hata kwa watoto wako. Ustadi wote wa kuacha mazoezi umejengwa juu ya imani kwamba ukikosa Alhamisi moja basi wiki imeshaharibika, na hakuna namna ila kusubiri Jumatatu.

Sasa vifaa. Hapa ndipo hamasa hustawi, kwa hiyo usifanye haraka. Soko la Karume pale Ilala utapata raba nzuri za mtumba kwa bei ya kuelewana, lakini sizishauri. Igeuze raba ya mtumba uitazame chini: kisigino kimelika upande wa nje, na kwenye tundu la kamba ya juu kuna alama ya fundo lililokazwa mara nyingi. Maana yake kuna mtu huko Ujerumani au Uholanzi aliikimbilia kweli, na mambo hayo yanaambukiza. Nunua mpya, tena nyeupe, ili matope ya Dar es Salaam yakupe udhuru kuanzia Machi hadi Mei. Ongeza traksuti, kitambaa cha jasho, chupa ya maji yenye mistari ya saa, na saa ya mkononi ya kuhesabu hatua.

Saa hiyo itakudai hatua 10,000 kwa siku. Usiulize ni daktari gani aliyeziandika. Mwaka 1965, Tokyo ikiwa bado na joto la Olimpiki ya mwaka uliotangulia, kampuni ya Kijapani iitwayo Yamasa iliingiza sokoni kidude cha kuhesabu hatua kilichobeba namba hiyo kwenye jina lake, na namba ikauzika kuliko kidude. Kwako inafaa sana, kwa sababu siku utakayotembea hatua 9,200, nyingi kuliko ulizotembea mwezi mzima uliopita, utalala na majonzi.

Piga picha ya raba zikiwa sakafuni, kamba hazijafungwa, weka status. Hongera zitamiminika. Dada yako wa Mwanza ataandika "safi sana kaka, afya ndiyo mtaji". Bosi atatuma kidole gumba. Zisome zote, zirudie usiku. Ukizipima vizuri utaona umeshapata karibu kila kitu ambacho mkimbiaji hupata, isipokuwa kichomi.

Ikifika Jumatatu yenyewe na ukakosa udhuru, toka nje ukimbie kwa kasi yako yote. Hili ni muhimu mno. Kuna watu waoga wanaoanza polepole. Mwaka 1996 Mmarekani mmoja, Josh Clark, alitunga mpango wa wiki tisa wa kumtoa mtu kwenye kochi hadi kilomita tano. Wiki ya kwanza unakimbia sekunde 60 tu, unatembea sekunde 90, unarudia hivyo kwa dakika 20, mara tatu kwa wiki. Na unaambiwa mwendo wako uwe ule ambao bado unaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Mpango wa namna hiyo una kasoro kubwa: unawezekana. Mtu anaumaliza wiki ya kwanza bila kuumia wala kuaibika, anajikuta ameingia ya pili, na kabla hajashtuka ameharibikiwa moja kwa moja.

Wewe ondoka kama mwizi wa kuku. Kwa mitaa yetu hii, kuanzia Sinza hadi Tabata, utakuwa umeishiwa pumzi kabla ya kufika kwa mama wa vitumbua, na hapo ndipo adabu itakapokuumbua, maana huwezi kumpita mtu mzima bila salamu. Yeye naye, akikuona unakuja mbio, hakutazami wewe. Anatazama nyuma yako.

"Baba Neema! Kuna nini huko?"

"Ma... zoezi."

"Eh?"

"Shikamoo mama. Mazoezi."

"Marahaba. Haya, pole mwanangu." Anageuza kitumbua, anafikiri kidogo. "Mkeo anajua?"

Ile "pole" usiipuuze. Imetoka moyoni, na ni ruhusa kamili ya kurudi nyumbani kwa miguu. Wanawake wao mtaa umewawekea masharti ya ziada: bodaboda atakwenda nao sambamba akisema "sista panda nikufikishe, unateseka bure", na vijana wa kijiweni watatoa maksi. Dada aliyeacha kukimbia peke yake alfajiri kwa sababu hiyo hahitaji mwongozo wangu, na wala simtanii. Mbwa nao wapo, lakini mbwa wa mtaani angalau hakupi nasaha.

Asubuhi inayofuata utaamka salama, ukajisifu. Usijisifu. Maumivu ya misuli isiyozoea kazi huchelewa. Hukolea kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Jirani aliyewahi kucheza mpira atakuambia hiyo ni asidi imejaa miguuni. Mwache, ingawa asidi anayoisema huwa imeshaondoka mwilini ndani ya saa moja au zaidi kidogo baada ya kupumzika. Kinachouma ni majeraha madogo madogo kwenye nyuzi za misuli, hasa ile iliyokuwa ikifanya kazi ya kuzuia mwili usianguke, kama unapoteremka mlima au unapochuchumaa taratibu. Ndiyo maana aliyehudhuria darasa la skwati Jumatatu humkumbuka kocha wake Jumatano, chooni. Mwenye choo cha kukaa anaugulia tu. Mwenye choo cha kuchuchumaa anashika ukuta kwa mkono mmoja na bomba kwa mwingine, anajiteremsha inchi kwa inchi huku ameuma meno, na akishafika chini ndipo anapokumbuka kwamba kuna kupanda.

Tangaza kwamba umeumia. Ni neno la wanamichezo wa kweli, linakuingiza moja kwa moja kwenye daraja lao. Na tafadhali usirudie zoezi hilo ndani ya wiki. Mwili una tabia mbaya ya kujifunza: kazi ileile ikirudiwa mapema, mara ya pili haiumi vile. Subiri miezi kadhaa ipite, misuli isahau kila kitu, ndipo uanze tena kwa nguvu. Hivyo kila mwanzo unabaki na utamu wake wa kwanza.

Wengine watasema mtaani hapafai, bora jimu. Naunga mkono, mradi ulipe mwaka mzima kwa mkupuo. Wanauchumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichapisha mwaka 2006 uchunguzi wao juu ya wanachama wa jimu tatu za Marekani. Waliolipa ada ya mwezi ya zaidi ya dola 70 walikwenda wastani wa mara 4.3 kwa mwezi, yaani kila safari iliwagharimu zaidi ya dola 17, wakati kwa pasi ya safari kumi ya jimu hizohizo wangeweza kulipa dola 10 kwa kila mara waliyokwenda. Wenye haraka wakawacheka. Mimi naona hizo saba za ziada ni bei halali. Anayelipa kwa siku hupata jasho tu. Anayelipa kwa mwezi anapata jasho mara nne, na siku zote zilizobaki anapata haki ya kusema "mimi niko jimu fulani".

Ukiingia utakuta mashine za kukimbilia zimepangwa mstari zikitazama luninga. Ziheshimu, zina ukoo. Babu yao alibuniwa Uingereza mwaka 1818 na mhandisi William Cubitt kwa ajili ya wafungwa: gurudumu kubwa lenye vipandio, unapanda na hufiki. Kwingine lilisaga nafaka au kuvuta maji, kwingine halikufanya chochote kabisa, na huo ndio ulikuwa ukali wake. Mwandishi Oscar Wilde alipofungwa mwaka 1895 naye alipandishwa. Baadaye Waingereza wakaona ni ukatili, wakaliacha. Leo kuna foleni, na ukizidisha dakika 30 mwenzako anakohoa.

Lakini jimu ni darasa. Jioni, saa moja kasorobo, watu arobaini kwenye chumba cha watu ishirini, feni moja, kocha amevaa kipaza sauti shavuni. Wengi wanaliita zumba hata siku ambayo ni kitu kingine. Zumba yenyewe ilizaliwa kwa kusahau: Beto Pérez, mwalimu wa mazoezi wa Cali nchini Kolombia, miaka ya 1990 alifika darasani bila kanda yake ya kawaida, akapiga za salsa na merengue alizokuwa nazo. Ilipofika kwetu ikakutana na singeli. Sasa piga hesabu. Kanuni ya kawaida ya kukadiria kikomo cha mapigo ya moyo ni 220 ukitoa umri wako. Mwenye miaka 45 anabaki na 175 kwa dakika. Mdundo wa singeli mara nyingi unavuka 200. Maana yake ni kwamba hata moyo wako ukifa kwa bidii hauwezi kushika mdundo. Hilo likufariji kila utakapopotea hatua.

Kuhusu pa kusimama, wanaoanza wote hukimbilia mstari wa nyuma, karibu na mlango. Wamekosea, na kocha analijua hilo kuliko wao. Itafika katikati ya wimbo, atapiga kofi, atapaza sauti: "Geuka!" Chumba kizima kitageuka, na wewe uliyejificha nyuma ndiye utakayekuwa mbele, na watu arobaini wanakutazama mgongo wakisubiri uongoze. Simama katikati, upande wa ukuta, nyuma ya yule mama. Hakuna darasa lisilo naye: umri wa kustaafu, kilemba, kanga kiunoni juu ya traksuti, hamtazami kocha hata mara moja na hakosei. Wewe fuata kisigino chake cha kushoto. Akitoka kwenda kunywa maji, toka naye.

Ikitokea kwa bahati mbaya umeendelea hadi wiki ya sita au ya saba, utaanza kupungua, na hapo jamii yenyewe itakuja kukuokoa. Kwetu mtu hapungui hivi hivi. Mama mdogo atafika kutoka Morogoro, atakushika juu ya kiwiko kana kwamba anakusalimia, atabinya kidogo, hatasema kitu. Jioni utamsikia jikoni akimuuliza mkeo kwa sauti ya chini, "Lakini mwanangu anakula?" Kazini watakujia kwa ule upole wa watu waliokwisha kulizungumza nje: "Mkubwa, uko salama lakini?" Usijitetee kwa kusema ni mazoezi. Kila anayeumwa husema ni mazoezi. Pokea wali ulioongezwa kimyakimya kwenye sahani yako, kula mpaka chini, na kitambi kikisharudi utaambiwa umependeza na ndoa imekukubali. Hakuna programu ya simu inayoweza kushindana na hilo.

Upande wa chakula sina mengi. Kwa makadirio ya haraka, mtu hutumia kama kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita anayokimbia. Mwenye kilo 80 akikimbia kilomita 5 ametumia kama 400. Kongoro, chapati mbili na soda baridi zinazirudisha zote na chenji juu. Anza na supu, basi, ukimbie ukipata nafasi.

Njia salama zaidi ya kupandisha mzuka bila kuutumia ni kutazama. Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, ya kwanza kwa Tanzania kwenye mashindano hayo ya riadha. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, na ikabidi picha iamue kwa sekunde 0.03. Mimi nilisimama kwenye kiti. Nadhani nchi nzima ilisimama kwenye viti, na kwa siku ile moja tulikuwa taifa la wakimbiaji wenye simu zenye chaji. Rudia video hiyo kila Jumapili usiku, kabla ya Jumatatu ile.

Ila usithubutu kumtazama John Stephen Akhwari. Wazungumzaji wa semina wanampenda: Mexico City, Oktoba 1968, ameanguka, goti limeteguka, amefungwa bandeji, anaingia uwanjani giza limeshaingia, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, yeye wa mwisho wao. Watakuambia ukimtazama huyo utapata moyo, wewe mwenzake wa mwisho. Kitu wasichokutajia ni saa yake. Alimaliza kwa saa 3 na dakika 25. Kwa goti hilo, kwenye mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mtu mzima wa Kinondoni mwenye magoti yote mawili hawezi kuisikia namba hiyo akabaki na hamasa.

Ukitaka medali jisajili marathoni za siku hizi. Kila kinachokimbiwa nchini kinaitwa marathoni: ya benki, ya chuo, ya kuchangia madawati. Ile yenyewe ni kilomita 42.195, lakini mwandaaji hana ugomvi na wewe wa kilomita 5. Fulana ni ileile, namba ya kifuani ni ileile, na pichani umbali hauonekani.

Nimeliacha hadi hapa jambo linaloua hamasa kuliko yote, kwa sababu linakuja kwa sura ya urafiki. Nazungumzia klabu ya jogging ya mtaani.

Umeshawaona. Jumamosi au Jumapili, kabla ya jua, fulana za rangi moja zenye jina la mtaa mgongoni, filimbi mbele, nyuma guta au kipikapu chenye spika, katikati wauza samaki, mafundi gereji, walimu, mama wawili watatu wenye vitenge, na mzee mmoja anayekimbia na redio. Hawakimbii kasi. Wanaimba, zile nyimbo za mchakamchaka walizozikariri shule ya msingi na wengine JKT, na anayeimba hawezi kukimbia kuipita pumzi yake. Kile kipimo cha wataalamu cha kuongea sentensi nzima, hawa wanakifanya kwa kwaya bila kujua kwamba ni kipimo. Wa mwisho akibaki nyuma sana, filimbi inalia, kundi linazunguka kumrudia, na hakuna anayemwambia pole. Ukiwa mgeni unaweza kudhani mambo haya ni mepesi. Unamaliza kilomita sita unaongea, miguu haijakuuma, na supu mnakunywa benchi moja.

Hapo ndipo wanapokunasa. Hawakuulizi kama una mzuka. Wanakuuliza kama umetoa elfu mbili ya chai. Jina lako linaingia kwenye daftari la mweka hazina, kisha kwenye grupu la WhatsApp, na wiki ya pili unakuta umewekwa kwenye orodha ya wanaokwenda bonanza la klabu ya mtaa wa pili, ambako kutakuwa na kuvuta kamba na wameshakuhesabu kwa ajili ya uzito. Wiki ya nne mwenzenu anafiwa na baba yake, mnakwenda msibani na fulana zenu, mnabeba viti. Kuanzia siku hiyo huwezi tena kutoweka kimyakimya kama mstaarabu. Jimu ukiacha kwenda, mashine haikuulizi, na ada yako inapokelewa kwa furaha. Hawa ukikosa mara moja tu, jioni yake kuna mtu anagonga geti.

"Hodi! Kaka, leo hatukukuona."

"Ah, nilikuwa..."

"Nyumbani wazima?"

"Wazima."

"Unaumwa?"

"Hapana, ila nilikuwa sina ile..."

"Huna nini?"

Jaribu kumwambia "hamasa". Mtu huyo amesukuma mkokoteni wa maji kutwa nzima, amekuja kwa miguu kukujulia hali. Anasubiri jibu kwa nia njema kabisa, amekuwekea na daftari la faini kwapani.

"Sina soksi," utasema.

"Basi nitakuletea. Jumapili saa kumi na moja na nusu, pale kwa Mangi."

Baada ya miezi michache ya maisha haya unakuta unaamka kabla ya adhana, unavaa gizani, mkeo hata hageuki. Saa ya kuhesabu hatua imeisha chaji tangu lini hujui. Raba nyeupe zimekuwa za kahawia. Kuhusu Jumatatu, hukumbuki mara ya mwisho kuisubiri. Na ukijipekua moyoni kutafuta ule mzuka wa mwanzo, wa kochi na simu, hauuoni popote.

Kwa hiyo wakikukaribisha, shukuru, sema unaumwa mgongo, wape soda, funga geti. Kama umeshalipa kiingilio, bado inawezekana kujinasua ukibadilisha namba ya simu. Kama wameshakuchagua mweka hazina, hama mtaa usiku huohuo. Ila usihamie Temeke: huko utakuta klabu mbili zinakugombania kabla hujashusha godoro.